Mstari wa Karanga

Nyumbani, wala si jikoni
Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Salamu nitakupa mwisho wa barua, kama zitabaki. Tangu Jumanne nakupigia simu hupokei, basi nimechukua kalamu. Barua haina kitufe cha kukatia.

Nimesimamishwa kazi. Mimi mjomba wako, niliyewapikia watoto wa shule hii miaka ishirini na miwili mpaka wakanibandika jina la Upawa, nimekabidhi funguo za stoo kwa mlinzi kama mwizi wa sukari.

Jumanne mchana nilipika wali na mboga za majani, na kwenye mboga nikatia karanga za kusaga, kama ninavyofanya kila wiki. Kuna mtoto wa darasa la pili ninayemwita Kijino, kwa sababu meno ya mbele yamemhama yote, limebaki moja tu la kulinda mlango. Alikula vijiko vitatu. Cha nne hakikufika mdomoni. Midomo ilivimba, macho yakajifumba, akaanza kupumua kwa mlio kama filimbi iliyoziba. Nilimbeba mwenyewe mpaka zahanati nikiwa na aproni yangu, nikipiga kelele njia nzima watu wanipishe. Akachomwa sindano, baada ya muda akafumbua macho. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine. Mtoto ni mzima. Nimetaka ulijue hilo kabla sijakugombeza.

Sasa nakugombeza. Muhula uliopita mama yake alituambia mtoto hutokwa na vipele, na hajui ni chakula gani kinachomdhuru. Nikamtengea sufuria yake ndogo yenye mfuniko wa bluu, nikawa nampikia peke yake: bila karanga, bila yai, bila maziwa. Na ni mimi, kwa mdomo wangu huu, niliyemwambia mama yake, "Mpeleke kule maabara akapimwe damu. Yuko binti wa dada yangu, hawezi kuniaibisha." Mwisho wa Februari karatasi ikaja, mwalimu mkuu akaibandika ukutani jikoni. Maziwa: chanya. Karanga: hasi. Chini yake sahihi yako, naijua, ile yenye mkia wa panya. Nikasema basi, damu imesema. Maziwa nikaendelea kumnyima, karanga nikampa kama wenzake, mara ya kwanza Jumanne hiyo.

Leo mwalimu mkuu anasema karatasi ni ya kitaalamu, haiwezi kukosea, kwa hiyo aliyekosea ni mpishi: lazima nilitia maziwa kwenye mboga. Kamati ya shule inakaa tarehe 28 kuamua kama nitarudi jikoni au nitafukuzwa moja kwa moja. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie, damu ya mtoto ilisema nini?

Salamu hazikubaki.

Mjomba wako,
Upawa

*

Tarehe 9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole sana kwa yaliyokupata, na ninamshukuru Mungu kwamba mtoto ni mzima. Simu sikupokea kwa sababu tukiwa kazini tunaziacha kabatini.

Ngoja nikueleze kipimo kinavyofanyika ili usipate wasiwasi. Mtoto hutolewa damu kidogo mkononi. Tunaizungusha kwenye mashine mpaka maji yake ya njano yajitenge. Maji hayo tunayakutanisha na kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, na kila chakula kina kitendanishi chake. Kama mwili wa mtoto umeshatengeneza kingamwili za karanga, yaani askari wanaoijua karanga na kuichukia, askari hao watang'ang'ania pale na mashine itawaona. Kama hawapo, hakuna kitakachong'ang'ania. Hiyo ndiyo maana ya hasi.

Hata hivyo kipimo si nabii. Wapo wachache ambao karatasi inasema hasi na chakula bado kinawadhuru. Na pia, Mjomba, usinielewe vibaya, jikoni kuna mambo mengi. Pengine sufuria haikuoshwa vizuri. Pengine kijiko kilichotoka kwenye chai ya maziwa kiliingia kwenye mboga. Mambo haya hutokea bila mtu kukusudia.

Nakuomba sana usiandike maabara. Niandikie mimi, kwa anwani ya nyumbani.

Mpwa wako akupendaye

*

Tarehe 13 Machi

Sindano,

"Pengine sufuria haikuoshwa vizuri." Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Haikubadilika.

Umesahau kwamba sufuria zangu ndizo ulizokuwa ukijitazamia ukisukwa nywele, mwaka ule kioo cha mama yako kilipovunjika? Nilikupa jina la Sindano kwa sababu ulikuwa ukiwachoma wanasesere kwa miiba na kuwaambia "pole, nakupima." Nilidhani unajifunza udaktari. Kumbe ulikuwa unajifunza kunichoma mimi.

Sikiliza sasa. Mlinzi aliniruhusu niingie jikoni dakika kumi kuchukua aproni yangu. Aproni niliichukua kwa dakika moja. Tisa zilizobaki nilikuwa nanakili karatasi yako.

Ina mistari kumi. Yai, ngano, samaki, soya na wenzao, minane kwa jumla, yote imeandikwa kwa namna moja: kialama kilichofunguka kama mdomo wa kunguru, kisha 0.10. Nilimuuliza mwalimu wa hesabu, akaniambia kile kialama maana yake ni "chini ya". Yaani mashine inasema: nimetafuta, na kama kipo basi ni kidogo kuliko ninavyoweza kuona. Nimeipenda mashine hiyo, ina adabu. Maziwa ni 4.20, sawa. Halafu mstari wa karanga, peke yake kati ya yote: 0.00. Mdomo wa kunguru haupo.

Shule niliishia njiani, lakini watu nawajua. Mtume mtu stoo akaangalie kama kuna vitunguu. Aliyeangalia atarudi akwambie, "Sijaviona." Ambaye hakwenda kabisa ndiye anayejibu kwa sauti kubwa, "Hakuna!" Mashine yako imetafuta mara nane na kujibu kwa adabu mara nane. Mara hii moja nani aliijibia?

Juzi nilikutana na mama yake Kijino njiani. Alimvuta mtoto akavuka naye upande wa pili. Mtoto akageuka, akanichekea na lile jino lake moja. Nimelishwa maneno mengi maishani, lakini kuogopwa na mzazi, hilo sijawahi kulimeza, na sitalimeza.

Na maabara nimeshawaandikia, tena leo asubuhi. Usinipangie pa kuandika.

Upawa

*

OFISI YA MKUU WA MAABARA
Tarehe 18 Machi

Ndugu Mpishi,

KUHUSU: MALALAMIKO YAKO

Tumepokea barua yako ya tarehe 13 Machi, ambayo lugha yake haikuwa ya kiungwana, hasa pale ulipoifananisha maabara yetu na stoo ya vitunguu.

Tunapenda kukufahamisha kwamba matokeo yote yatokayo kwetu huwa kamili. Tunajivunia kuwa hakuna mteja aliyewahi kukabidhiwa karatasi yenye pengo. Matokeo unayoyalalamikia yalihakikiwa na kutiwa sahihi na mtaalamu mwenye leseni. Sampuli ya mtoto husika imeshateketezwa kwa mujibu wa taratibu, hivyo upimaji wa marudio hauwezekani.

Tunakushauri kuzingatia usafi wa jikoni. Kwa upande wetu suala hili limefungwa.

Mkuu wa Maabara
Nakala: Mwalimu Mkuu

*

Tarehe 20 Machi

Mjomba,

Barua ile ya Mkuu niliichapa mimi. Alikuwa akisoma, nami nachapa. Alipofika kwenye usafi wa jikoni vidole vyangu vilisimama, akarudia kwa sauti zaidi akidhani sikusikia.

Nakuandikia ukweli sasa, na ninakuomba uusome mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Kitendanishi cha karanga kilituishia tarehe 2 Februari. Kompyuta yetu haitoi karatasi mpaka kila mstari ujazwe. Kwa haki mtu anapaswa kuandika "haikupimwa", lakini Mkuu hataki kuliona neno hilo. Husema mteja akiona pengo anadhani tumelala, anakwenda kwa jirani. Ana msemo wake, ameubandika juu ya meza ya kuchapia: Karatasi isitoke na pengo. Kwa hiyo tunajaza sifuri kwa mkono, na kitendanishi kikifika tunapima damu iliyobaki na kurekebisha. Ndivyo tulivyozoea. Nilipoanza kazi pale nilishangaa wiki moja tu. Ya pili nilikuwa najaza kama wenzangu.

Kitendanishi kilifika tarehe 16. Siku hiyo foleni ilikuwa mpaka nje ya mlango, na kesho yake vilevile. Kisha nikasahau, Mjomba. Sina neno zuri zaidi la kuliweka hapo. Aliyeijibia mashine ni mimi.

Na si huyo mtoto peke yake. Kati ya tarehe 2 na 16 walipita watu saba walioomba karanga. Wote saba wamebeba sifuri yangu.

Sampuli haikuteketezwa. Ilikuwa kwenye friza, rafu ya tatu, nyuma ya chupa za maji ya kusafishia. Jana wenzangu walipokwenda kula mchana niliitoa nikaipima. Mashine ilisema 38.6. Unakumbuka kwamba huanza kuona kwenye 0.10. Askari wa karanga kwa mtoto yule ni jeshi zima.

Liko moja baya kuliko hayo. Nilipokuandikia habari ya sufuria, nilikuwa nimeshaifungua kompyuta na kuiona ile sifuri. Nilijua, na bado nikakuandikia. Nakuomba radhi, wala sitegemei unipe.

Ninakuomba jambo moja. Usiipeleke barua hii kwenye kamati. Leseni yangu itakwenda, na mama unajua anavyonitegemea. Nipe muda nitoe karatasi mpya kimyakimya, niseme ni marekebisho ya kawaida. Na wewe uwaambie ilikuwa ajali, ukubali onyo, yapite.

Mpwa wako

*

Tarehe 23 Machi

Mpwa wangu,

Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Nimekaa nayo tangu asubuhi, imeota ngozi juu.

Unaniambia nikubali onyo. Onyo la nini? La kumbeba mtoto mgongoni? La kuosha sufuria? Nikiitikia kwamba ilikuwa ajali yangu, mwalimu mkuu atapumua, Mkuu wako atapumua, wewe utapumua, na mimi nitatembea mitaani nikiwa mpishi aliyetaka kuua mtoto. Ningekuwa na mkono mrefu ningekufikia hapo ulipo nikakuvuta sikio. Na huyo bwana wa "pengo" ningemvuta yote mawili. Mtu mzima anaona haya kuandika "sijui" kwenye karatasi, lakini haoni haya kumwandikia mpishi barua ya usafi!

Lakini na mimi nina langu, nalo nitalisema, maana nimechoka kuwa msafi peke yangu. Karatasi ilipokuja nilifurahi. Kupika sufuria mbili kila siku, kuosha mbili, kukumbuka mbili, kunachosha mtu wa umri wangu. Moyo uliniambia, "Anza na kijiko kimoja, umwangalie." Nikaujibu kwamba damu imesema, wewe moyo ni nani? Nilimpakulia upawa mzima. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutoka mbinguni.

Barua yako nimeiweka kwenye kopo la unga. Sitaipeleka kwenye kamati. Sijakusamehe bado, ila mjomba hamtoi mtoto wa dada yake uwanjani akamvua nguo. Ukweli huo ni wako, mdomo unao.

Aibu yangu naweza kuila. Nimekula makombo ya watu miaka yote, tumbo limekomaa. Lakini ulitaja watu saba. Kijino mmoja, wamebaki sita. Leo mchana, ninapokuandikia, wale sita wanapakuliwa chakula. Kila mmoja ana mama, au bibi, au mpishi kama mimi, aliyeitazama karatasi yako akasema, alhamdulillahi, tumepata nafuu, tuachane na sufuria ya pili.

Hiyo karatasi ya kimyakimya itawafikia saa ngapi? Kabla au baada ya kijiko cha tatu?

Mjomba wako,
Upawa

*

Tarehe 27 Machi

Kwa Kamati ya Shule,

Mimi ni mtaalamu wa maabara niliyetia sahihi karatasi ya vipimo iliyobandikwa jikoni kwenu. Mpishi wenu ni mjomba wangu. Hakuniomba niandike barua hii kwenu, na nilimwomba yeye anyamaze.

Karanga haikupimwa. Kitendanishi kilikuwa kimekwisha, nami nikajaza sifuri kwa mkono ili karatasi isitoke na pengo, kama maabara yetu ilivyotuzoesha. Nimeipima sasa kwa damu ileile. Mtoto ana kingamwili nyingi mno za karanga, na asipewe tena hata chembe. Mpishi alipika kwa kufuata karatasi yangu. Kama kuna mtu wa kusimama mbele yenu, nitasimama mimi.

Siku mbili hizi sikwenda kazini. Nimezunguka kwenye nyumba sita ambazo karatasi zao nilizijaza vivyo hivyo, nikagonga hodi, nikawaambia kwa mdomo. Watatu walinifukuza, na walikuwa na haki. Kwenye nyumba ya tano nilimkuta mama akimlisha mwanawe karanga za kusaga, robo kijiko kila asubuhi, kwa sababu karatasi ilimruhusu. Mtoto alikuwa ametapika siku tatu mfululizo, naye akidhani ni meno. Nilimshika mkono kijiko kikiwa njiani. Siwezi kuandika zaidi kuhusu hilo.

Wote sita wamewekwa mbali na karanga mpaka wapimwe upya, mahali pengine. Barua kama hii nimeipeleka pia kwa baraza linalotoa leseni zetu, pamoja na msemo ule wa juu ya meza, niliounakili neno kwa neno.

Naambatisha karatasi mpya ya mtoto. Daktari wa zahanati aliomba niongeze mstari wa kumi na moja, maana anayedhuriwa na karanga wakati mwingine hudhuriwa na korosho pia. Tafadhali isomwe yote.

Aliyetia sahihi ya kwanza, na hii ya pili

*

Jikoni
Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu Sindano,

Nilikusubiri utoke nje ya kikao cha kamati nikushike mkono, kumbe ulishapanda gari kurudi. Umeondoka kabla ya utamu.

Mwalimu mkuu alisema, "Basi, mpishi arudi, tusahau yaliyopita." Nikamwambia nimesimamishwa mbele ya walimu wote na wapagazi wa mkaa, kwa hiyo nitaombwa radhi mbele ya walimu wote na wapagazi wa mkaa. Alikohoa. Nikamsubiri amalize kukohoa. Akaomba radhi. Mama yake Kijino alikuja jikoni kesho yake, akaichukua sufuria ya bluu iliyokuwa na vumbi kwenye rafu, akaiosha mwenyewe, akanikabidhi.

Mama yako amenieleza kwamba wamekusimamisha na baraza limekuita mwezi ujao. Amenieleza pia kwamba yule bwana wa "pengo" yuko kitini pake vilevile, na kwamba msemo wake umebanduliwa tu ukutani, yakabaki matundu ya pini. Hapo ndipo hasira yangu ilipohamia sasa. Wewe ulijaza sifuri, sawa, utabeba wako. Lakini aliyekufundisha kujaza anakula wapi mchana huu, na nani anamhoji? Siku ya baraza nitakuja. Nitavaa aproni. Wakiniuliza mimi ni nani nitawaambia mimi ndiye usafi wa jikoni.

Karatasi yako mpya nimeibandika mwenyewe, mahali pa ile ya zamani. Nimeisoma yote kama ulivyoagiza. Maziwa, 4.20. Karanga, 38.6, nimeizungushia wino. Minane ya midomo ya kunguru ipo. Halafu mstari wa kumi na moja: "Korosho: haikupimwa. Damu iliyobaki haikutosha."

Nilisimama mbele ya mstari huo mpaka wali ukashika chini.

Juzi mzazi mmoja alileta keki ya darasa la pili, korosho zimepangwa juu yake kama vifungo. Nikamzuia mlangoni. Akakasirika, akasema, "Kwani huyo mtoto ana shida na korosho?"

Nikamwambia, "Sijui."

Akasema, "Karatasi si hiyo hapo? Inasemaje?"

Nikamwambia, "Karatasi nayo haijui, na imesema haijui. Keki yako utarudi nayo."

Salamu nilizokunyima tarehe 4 Machi hizi hapa, zote, na za mama yake Kijino juu yake. Jumamosi nitapika. Uje ule, na ukimaliza utaosha sufuria.

Mjomba wako,
Upawa